Kitafutio: Kiswahili Kiingie Jikoni, Kisisubiri Mezani

Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Tumefunzwa methali hii tangu shule ya msingi, tukaitungia insha, tukaifafanua katika mitihani, kisha tukaisahau. Mimi nilikumbushwa maana yake na wanafunzi wawili wa uhandisi walionijia maktabani wakiwa na kifaa kidogo mfano wa kifungo kikubwa cha koti, pamoja na karatasi mbili zilizoandikwa kwa Kiingereza. Kifaa hicho walikuwa wamekiunda wenyewe. Ukikifunga kwenye funguo au ukikitia mkobani, simu yako itakujulisha kilipo pindi kinapopotea. Walikuwa na ombi moja tu: "Mwalimu, tutafsirie karatasi hizi kufikia Ijumaa." Ndivyo wanavyotuita sisi wa Kiswahili hata kabla hatujaajiriwa na yeyote. Kifaa kilikuwa kimekamilika, maagizo yake yamekamilika, na hata jina lake la Kiingereza limekwisha kuchapishwa. Samaki alikuwa amekauka.

Hoja ninayodhamiria kuitetea katika makala haya ni kwamba mwanakiswahili hapaswi kungoja kifaa kiishe kuundwa ndipo aitwe kukitafsiria maelezo. Nafasi yake ni pale kinapochorwa. Sisemi haya kwa kuionea wivu taaluma ya wenzetu, wala kwa kutaka sifa. Nasema kwa sababu baadhi ya kasoro za kifaa kile zilikuwa za lugha, na zilikuwa zimekwisha kupigwa risasi pamoja na nyaya zake kabla hatujaulizwa neno.

Kilichorudi na kisichorudi

Ndugu msomaji, nina sababu ya kulivalia njuga suala hili. Miaka miwili iliyopita nilitoka kisiwani Pate nilikokuwa nikikusanya bembelezi na wawe kwa ajili ya tasnifu yangu. Nilipofika Nairobi nilipanda matatu ya kunipeleka bwenini, nikauweka mkoba chini ya kiti, nikashuka nikiwa nimekumbatia kitabu nilichokuwa nikikisoma. Mkoba ukaendelea na safari. Ndani yake mlikuwa na kinasasauti na madaftari mawili. Nakala za sauti zile nilikuwa sijazitoa, kosa ambalo msimamizi wangu amenikumbusha mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Nilitafuta kama atafutavyo kila Mkenya. Nilirudi stejini, nikawauliza utingo mmoja baada ya mwingine, nikaandikisha ripoti kituoni, nikabandika tangazo kwenye mlango wa kioski. Baada ya majuma matatu nilipigiwa simu na mama mmoja anayeuza mboga karibu na mwisho wa barabara ile. "Mwanangu," aliniuliza, "ni wewe mwenye madaftari?" Aliuokota mkoba nyuma ya vibanda, ukiwa mtupu isipokuwa madaftari yale. Katika ukurasa wa kwanza wa kila daftari nilikuwa nimeandika kwamba halina thamani kwa yeyote ila mwanafunzi aliyeliandika, na kwamba anayelikuta ampigie tafadhali. Nilipokwenda kuyachukua nilimwuliza ni kipi kilichomfanya anipigie. Alinijibu, "Ungeandika jina na namba peke yake, ningeyafungia dania. Lakini umesema anayeyatafuta ni mwanafunzi. Mimi nami nina mwanafunzi."

Kinasasauti hakikurudi. Nilipopata nauli ya kurejea Pate, bi mkubwa mmoja aliyeniimbia bembelezi tatu ambazo sikuzisikia kwa mwingine yeyote alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Maneno yake ninayo daftarini. Mahadhi yake sinayo, na sijui nani mwingine anayo.

Kwa hivyo vijana wale waliponionyesha kifungo chao, sikukicheka. Nilikitamani. Lakini nilikuwa pia nimejifunza jambo ambalo wao hawakuwa wamelifikiria: kilichonirudishia madaftari yangu ni sentensi.

Mtambo unaotegemea wapita njia

Watu wengi hudhani kwamba vifaa hivi huzungumza na setilaiti. La hasha. Kifaa chenye uwezo wa kupokea mawimbi ya setilaiti na kutuma habari kwa laini ya simu hula umeme mwingi, nacho huhitaji kuchajiwa mara kwa mara. Vifungo hivi vidogo hutumia betri bapa mfano wa sarafu, yenye upana wa milimita 20, nayo huweza kudumu mwaka mzima au zaidi. Siri yake ni kwamba kifungo hakijui kilipo. Hutoa tu ishara fupi za Bluetooth kila baada ya muda, kikisema kwa lugha ya mawimbi, "Mimi fulani niko hapa." Simu ya mpita njia iliyo karibu ikiisikia ishara hiyo, huchukua mahali ilipo yenyewe, ikapeleka habari kwenye hifadhi ya mtandao, na mwenye kifungo akaiona katika ramani. Mpita njia hana habari kwamba simu yake imetumika. Ishara zenyewe hubadilishwabadilishwa na habari husimbwa, ili asitokee mtu wa kando wa kuzifuatia.

Teknolojia hii si ya jana. Kampuni ya Tile ya Marekani ilichangisha zaidi ya dola milioni 2 kutoka kwa umma mwaka wa 2013 ili kutengeneza vifaa vya aina hii. Samsung ilitoa chake mapema mwaka wa 2021, na mwezi wa Aprili mwaka uo huo Apple ikatoa AirTag, yenye uzani wa gramu 11 na bei ya dola 29. Mwaka wa 2024 Google nayo ilianza kuziunganisha simu za Android katika mtandao wa namna hiyo. Tunaona basi kwamba ubora wa kifungo hautokani na kifungo, bali na wingi wa simu zinazokisikiliza. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kifungo kinachosifiwa London, ambako kila abiria ana simu ya kisasa mfukoni, huweza kuwa bubu katika soko ambalo nusu ya wachuuzi wana simu za mulika mwizi na nusu iliyobaki wamezima Bluetooth ili betri isiishe.

Hapa ndipo vijana wetu walipokuwa na wazo zuri. Walikusudia kukichapia kifungo chao namba fupi, ili anayekiokota hata kwa simu ya mulika mwizi aweze kutuma ujumbe mfupi na habari zimfikie mwenyewe. Kwa maneno mengine, walitaka mtandao wa watu pale ambapo mtandao wa simu haufiki. Lakini juu ya kifungo waliandika maneno manne ya Kiingereza yenye kuamrisha, kisha namba. Mama mboga wangu angekifungia dania.

Kifungo na jina lake

Wanakiswahili wenzangu, sisi ni watu ambao vyombo vyetu husema. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Kanga isiyo na jina ni kitambaa tu, na mnunuzi husoma jina kabla ya kuulizia bei. Matatu zetu nazo zimeandikwa pande zote. Utamaduni huu wa kukiandikia kitu maneno yatakayomsemesha asiyejulikana tumeufanyia utafiti, tumeuandikia tasnifu, tumeufundisha. Je, ni kwa nini basi mhandisi anapotengeneza kitu kinachopaswa kumsemesha asiyejulikana, hatumo chumbani?

Nilipowaeleza hivyo, mmoja wao alinitaka niandike. Tulikesha tukijaribu. Sehemu ya kuandikia ilikuwa finyu, yenye kutosha herufi thelathini na kitu. Tuliandika, tukafuta, tukaandika tena. Tulichokubaliana ni haya: "Natafutwa. Nisaidie nirudi." Kisha namba. Maneno matatu tu, lakini kitu kinajisemea chenyewe kwa nafsi ya kwanza, na mwokotaji anaombwa wala haamrishwi. Siku ya pili tulivipeleka vifungo viwili stejini, kimoja chenye maneno ya Kiingereza na kimoja chenye ya Kiswahili, tukawauliza waliokuwapo wangefanya nini wakikiokota kila kimoja. Huo haukuwa utafiti wa kuchapishwa, nami siutolei takwimu. Nasema tu kwamba chenye Kiswahili kilisomwa kwa sauti na kikachekewa, na mzee mmoja akauliza, "Nani anakutafuta, wewe?" Alikuwa akikisemesha kifungo.

Sarufi ya kupotea

Kasoro ya pili ilikuwa katika ujumbe ambao simu ingemtumia mwenye mali. Rasimu yao, ikitafsiriwa sisisi, ingesomeka, "Umepoteza mkoba wako." Ni sentensi sahihi kisarufi. Lakini hebu tuitazame kwa jicho la mwanaisimu. Kiswahili kina njia tatu za kulisema jambo hili, na kila njia ina hukumu yake. Tukisema mkoba "umepotea", hatumlaumu yeyote. Tukisema "umepoteza" mkoba, kiambishi cha usababishaji kinamtwika mtu kosa. Tukisema "umepotelewa na" mkoba, tunampa pole, kwani kauli ya kutendewa inamfanya kuwa aliyefikwa na jambo. Mtu aliyesimama barabarani usiku akipapasa mifuko hahitaji simu yake imsomee mashtaka. Wahandisi hawakuwa na njia ya kuliona hili, kwa kuwa waliunda ujumbe wao katika lugha isiyo na mnyambuliko wa aina hiyo. Nasi hatukuwapo tukawaonyesha.

Mfano huu waweza kuonekana mdogo. Wa tatu si mdogo hata kidogo. Neno la Kiingereza linalotumiwa kuviita vifaa hivi hufunika kwa shuka moja mambo ambayo Kiswahili huyatenganisha: kutafuta, kufuatilia, kuandama, kunyemelea, kupeleleza. Kutafuta humhusu mtu na kilicho chake. Kunyemelea humhusu mtu na asiye wake. Katika rasimu yao vijana walikuwa wameandika kwamba kifaa kinaweza "kufuatilia vitu na wapendwa wako". Niliwauliza, mpendwa huyo anajua? Walinyamaza.

Swali hilo si la kubuni. Mara tu baada ya AirTag kutolewa mwaka wa 2021, habari zilianza kutangazwa za wanawake waliokuta vifaa hivyo vimefichwa katika mikoba na magari yao na watu waliotaka kujua waendako. Mwezi wa Desemba 2022 kesi ilifunguliwa dhidi ya Apple huko Marekani kuhusu suala hilo. Mwezi wa Mei 2023 Apple na Google, washindani wa jadi, walipendekeza kwa pamoja kanuni za kuiwezesha simu kumwonya mtu kwamba kifaa kisicho chake kinasafiri naye, na mwaka mmoja baadaye, Mei 2024, onyo hilo likaanza kutolewa katika simu za kampuni zote mbili. Tangu siku ya kutolewa kwa AirTag hadi siku hiyo ni miaka mitatu. Ufa ulizibwa ukuta ukiwa umekwisha kuinama.

Vijana wetu hawakuwa wameweka onyo lolote. Kiwango cha ufundi wao kiliwatosha kuliweka, ila hawakuwa wameona haja, kwa maana lugha waliyoifikiria ilikuwa imewaficha tofauti baina ya mkoba na mtu. Sasa wameliweka, nalo linasema, "Kuna kitafutio kisicho chako kinachosafiri pamoja nawe. Bonyeza hapa kikulilie." Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data. Lakini haki isiyosomeka ni haki ya kabatini. Msichana anayefuatwa usiku hana nafasi ya kufungua kamusi.

Nani akipe jina?

Tukaingia katika suala la istilahi, ambalo sisi hulipenda kuliko yote na ambalo tumelikosea mara nyingi. Kwa miongo kadhaa tumezozana kama kompyuta iitwe tarakilishi au ngamizi, na tulipokuwa tukizozana, watu walikwenda dukani wakanunua kompyuta. Rununu imo vitabuni, lakini mama aliyeniita mwanangu alinipigia kwa simu. Sisemi istilahi hizi ni mbovu. Nasema zilizaliwa baada ya vitu vyenyewe kufika, zikakuta vimekwisha kubatizwa. Hata juhudi za kusifika kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, zilikuwa za kukivisha nguo za Kiswahili kitu kilichokwisha kukulia kwingine.

Mara hii kitu kilikuwa kinazaliwa kwetu. Tulipendekeza majina kadhaa. "Kifuatilizi" tulikikataa kwa sababu niliyokwisha kuieleza: jina humfundisha mnunuzi matumizi. Tulichagua "kitafutio", neno lililoundwa kwa njia ileile iliyotupa kifutio na kichujio, ambalo hata mtoto wa shule analielewa bila kufafanuliwa. Hilo ni jina la aina. Kuhusu jina la bidhaa yao wenyewe, niliwakumbusha kwamba hata Bluetooth ni jina la kihistoria: lilitokana na lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, na alama yake ni herufi za kale za jina lake zilizounganishwa. Walioitengeneza hawakuona haya kuchota katika historia ya Ulaya. Nasi tuna pembe iliyokuwa ikipigwa ili habari zienee, mtu asikie ampashe mwenzake. Si siwa ya watawala wa Pate na Lamu, bali mbiu, pembe ya watu wote. La mgambo likilia lina jambo. Kifungo kinacholia hadi wapita njia wakazipeleka habari zake kwa mwenyewe kinaweza kuitwa nini zaidi ya Mbiu? Vijana walilipenda jina hilo. Karatasi zilizokwisha kuchapishwa walizitia moto, kwa gharama iliyowauma.

Pingamizi na majibu

Najua yatakayosemwa. Kwanza, kwamba Mkenya hutumia simu yake kwa Kiingereza, kwa hivyo haya yote ni mapambo. Ni kweli wengi wetu hufanya hivyo. Lakini kitafutio hakimtegemei mwenyewe tu. Kinamtegemea anayekiokota, na huyo hatumchagui. Anaweza kuwa utingo, mchuuzi, mtoto au bawabu. Lugha ya kumwendea mtu usiyemjua katika nchi hii ni Kiswahili, na ndiyo maana Katiba iyo hiyo inaiita lugha ya taifa.

Pili, kwamba kitafutio hakimzuii mwizi. Hili nalikubali. Mwizi mjuzi atakitoa na kukitupa, na mwenye mali hapaswi kuifuata ramani hadi mlangoni kwa mtu. Hiyo ni kazi ya polisi. Lakini mkoba wangu haukuibwa. Niliusahau. Vingi tunavyovililia vilisahauliwa kabla ya kuchukuliwa, na kati ya kusahauliwa na kuchukuliwa huwa kuna nafasi. Nafasi hiyo ndiyo kitafutio huishi humo.

Tatu, kwamba mwanafasihi hana ujuzi wa umeme. Sina, na sikuombwa kuwa nao. Sikugusa waya hata mmoja. Nilichoulizwa ni jinsi ya kumsemesha mtu asiyeonekana, na hilo nimelisomea kwa miaka sita.

Tamati

Mwaka wa 2021, mwaka uleule vifaa hivi vilipoanza kuenea, UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tangu 2022 tumeiadhimisha kwa hotuba, ngonjera na fulana. Ni vyema. Lakini ningependa chama chetu kitende mambo matatu ambayo hayahitaji bajeti. Mosi, wanafunzi wa kozi ya tafsiri wapewe miradi ya wenzao wa uhandisi ingali katika michoro, wala si maagizo yaliyokwisha kuchapwa. Pili, kila istilahi tunayoiunda ipelekwe stejini na sokoni kabla ya kupelekwa kamusini. Tatu, idara ikubali kazi ya aina hii iwe sehemu ya alama za mwanafunzi, maana mtu hatoki maktabani kwa wito wa maadili peke yake.

Mbiu ya kwanza ninayo mimi. Nimeifunga kwenye kinasasauti kipya, ambacho mwezi ujao nitakipeleka Pate. Wako mabinti wawili wa marehemu wanaosema huenda wanaikumbuka mojawapo ya bembelezi zile. Safari hii nakala nitazitoa usiku uleule. Kitafutio kitanirudishia chombo pengine, lakini sauti isiyonaswa haina kifungo cha kufungiwa.